Karafuu Maiti

Jumatano

Wameshaanza kuniita Muosha Maiti.

Dukani niliomba mafuta ya karafuu, nipake karanga za jaribio langu la sayansi zisiote kuvu. Muuzaji akanipa mafuta ya karafuu maiti, yale wanayopakwa wafu, nami kwa aibu sikuuliza.

Leo nilipofungua kopo la karanga darasani, Juma akasema, "Jamani, nani kafa?" Walicheka wote, hata mwalimu.

Zuhura hakucheka. Wiki iliyopita tulimzika mama yake, na harufu ilikuwa ile ile. Alitoka akilia. Sina rafiki mwingine.

Karanga hazina kuvu hata kidogo, kwa hiyo mwalimu amelichagua jaribio langu: Ijumaa nitafungua kopo mbele ya shule nzima. Nilimwomba mwalimu anitoe.

"Sayansi haina matanga," akasema.

Nimenawa na kunawa. Mikono bado inanuka mama yake Zuhura.