Orodha Niliyoibandika Mlangoni

Jumanne, saa kumi alasiri. Kyebando, mtaa wetu wa Kampala, umefunikwa na wingu tangu asubuhi na mvua haishuki. Kichwa kinaniuma. Nimefunga duka mapema, jambo ambalo silifanyi hata nikiwa na malaria.

Majina yote humu nimeyabadilisha. Ningekuwa na akili hiyo wiki iliyopita, leo nisingekuwa na la kuandika.

Mimi ni katibu wa tawi la chama cha kiliberali hapa mtaani. Ni chama kidogo. Waasisi wake walikuwa mawakili na wafanyabiashara wa mjini, watu wenye suti nyingi na wapiga kura wachache. Kikapigwa marufuku, kikalala miaka mingi, kikaamka na jina jingine. Babu yangu alikuwa mwanachama zamani zile. Wanajeshi walipoichukua nchi aliitia kadi yake kwenye jiko la mkaa, na tangu siku hiyo akiulizwa alisema yeye ni muuza vitambaa tu. Sisi wajukuu tulimcheka. Tulimwona mwoga.

Tunaamini kwamba hakuna aliye juu ya sheria. Kwamba kiongozi muda wake ukiisha aage aende nyumbani. Kwamba mtu aseme analolifikiri bila kugeuka kutazama nani yuko nyuma yake. Wanaotupigia kura ni walimu, wenye maduka kama mimi, kina dada wa saluni, na vijana wa boda wanaotaka tuseme sisi wasiloweza kulisema wao. Kila uchaguzi tunashindwa, kisha tunaandika barua ndefu ya malalamiko, yenye lugha safi sana.

Na tunaamini uwazi. Hapo ndipo nilipoponzeka.

Katiba ya chama inasema kabla ya uchaguzi wa tawi, orodha ya wanachama ibandikwe mahali pa wazi siku saba, mwenye pingamizi aseme. Matawi mengine huifungia kabatini kisha wakaandika kwenye ripoti kwamba ilibandikwa. Mimi mjuaji nikaibandika kwenye mlango wa duka, Jumatatu ya wiki iliyopita. Jina, simu, na sehemu mtu anayokaa. Watu arobaini na mmoja. Namba moja ni mimi. Namba kumi na nane ni Mama Riziki.

Mama Riziki ni fundi cherehani kutoka Kongo, mkimbizi, ana watoto watatu. Kura hana. Kwa kweli mkimbizi hatakiwi hata kuigusa siasa ya nchi iliyompokea; akishikwa nayo anaweza kupoteza karatasi zake. Nililijua hilo. Lakini alikuwa akihudhuria mikutano yetu yote, akikaa nyuma na kushona vifungo, na siku moja akaniomba naye nimwandike. Nikamwandika kama rafiki wa chama. Nilijisikia mtu mwema.

Siku aliyoliona jina lake mlangoni alilisoma kwa kidole. "Mama Zuhra, ona, jina yangu iko ku mulango ya batu! Sasa na miye niko mutu wa hapa."

Jumatano akaja mwanamume akanunua soda. Aliinywa amesimama, akiisoma orodha toka juu mpaka chini, kisha akaipiga picha. Akanisalimia kwa Kiswahili.

Kampala hii Kiswahili ni lugha ya askari; mgeni akikuanza nacho kabla ya Kiluganda, unamtazama viatu. Kila mtu anajua hivyo. Lakini kwetu Kiswahili ni lugha ya nyumbani, tangu wazee wetu walipofika huku na biashara zao, na mimi huwa na njaa ya kukizungumza. Badala ya kutazama viatu, nikafurahi.

"Mama, hii majina yote ni watu ya hapa?"

Nikamweleza chama chote, mwanzo mpaka mwisho. Akasikiliza kwa adabu. Kisha akaweka kidole kwenye kumi na nane. "Na huyu? Huyu si Muganda."

Nikasema, tena kwa kujidai, huyo ni mgeni wetu kutoka Kongo, chama chetu hakibagui.

Akanirudishia chupa, akashukuru, akaenda zake. Viatu vyake nilivitazama alipokuwa anavuka barabara. Vilikuwa vyeusi na vizito.

Alhamisi saa tatu asubuhi simu yangu ikalia. Sauti ya kiume, Kiswahili: "Uko wapi?" Nikasema niko dukani. Akakata. Baada ya dakika kumi akapigiwa namba mbili. Kisha namba tatu. Wanafuata orodha vilevile nilivyoipanga, siku watatu, siku wanne, Jumapili wanapumzika, na adhuhuri ikipita hawapigi tena. Ijumaa niliibandua ile karatasi. Kazi bure, picha wanayo.

Mwalimu Kato, namba tisa, aliambiwa zaidi ya "uko wapi". Alialikwa kwa mazungumzo. Alikwenda Jumamosi, akarudi Jumapili jioni. Hana jeraha. Jana mkewe alikuja dukani na barua yake ya kujiuzulu uanachama. Akaninong'oneza kwamba waliyoyataka kwa mumewe ni mambo ya namba kumi na nane: yule Mkongo ametumwa na nani, na nani amemwingiza kwenye chama.

Leo asubuhi Mama Riziki akaja mwenyewe. Amepakana ua na Mwalimu, kwa hiyo habari alikuwa nayo. Hakulia. Alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Mama Zuhra, nani aliambia bale batu kama miye natoka Kongo?"

Nikamwambia sijui.

Nikaongeza: labda wamekisia kwa jina.

Miaka kumi na moja nimesimama mbele za watu nikihubiri uwazi, na nilipoulizwa swali moja tu la kweli nilidanganya bila hata kumeza mate. Kibaya zaidi ni kwamba aliniamini. Akasema, "Asante, dada," akaniachia sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, aliyonipikia. Iko hapa, imefunikwa. Siwezi kuifunua.

Sasa namwelewa babu, na sipendi kumwelewa. Ila yeye aliyoitia motoni ilikuwa kadi yake mwenyewe.

Leo wameishia namba kumi na saba. Nimempigia kumuuliza, akasema ni swali lile lile, kisha akaniomba nisimpigie tena.

Kutwa nimejiambia nitakwenda kwa Mama Riziki kesho, nikishatuliza kichwa, nikishapanga maneno. Watu husema kesho nayo ni siku. Lakini kesho ni zamu ya kumi na nane, na yeye anadhani wanabahatisha tu. Hajui kwamba kuna mtu aliyemwonyesha kwa kidole.

Hii nitaichapisha nitakapojua ni salama. Sasa hivi navaa viatu nikamwambie ni mimi. Akinifukuza ni haki yake, ila walau awe na usiku mmoja wa kufunga mizigo.