Ukurasa wa Somo la Nne

Kinondoni,
Jumapili mchana.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima, ila kuhusu yaliyobaki sitaki kukudanganya. Miguu yako inaendeleaje na baridi ya huko milimani? Ile dawa ya kuchua niliyomkabidhi binamu ilikufikia, au aliisahau kwenye basi kama alivyousahau mwavuli wa watu? Nijibu, nisije nikawa namshukuru bure.

Barua hii isome peke yako. Dada akitaka kukusomea kwa sababu ya macho yako, mwambie mwandiko wangu unauona vizuri. Ukishamaliza utaamua mwenyewe la kuwaambia wengine.

Mama, mtu amekufa, na mkono wangu umo.

Sikumpiga wala sikumgonga na gari. Nilimfundisha. Unakumbuka nilikuandikia kwamba sisi wahasibu wachache tumeamua kujitolea, kila mmoja achukue mtaa wake, tufundishe watu kushika fedha zao? Ulifurahi ukanijibu kurasa tatu za nasaha, kwa kuwa wewe ulifundisha kisomo cha watu wazima miaka ile bila malipo. Mimi nikachukua Manzese. Kila Jumamosi saa tisa alasiri tulikuwa tunapewa darasa kwenye shule ya msingi, na wanawake kama thelathini walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Wengi waume zao wamepunguzwa kazini, viwanda vinauzwa na mashirika yanafungwa, kwa hiyo wao ndio wameshika nyumba kwa kukaanga hiki na kupika kile. Hata ofisini kwetu tunasubiri orodha ya watakaobaki. Niliwaambia ukweli huo, na nadhani ndiyo maana wakanipenda.

Somo la kwanza niliwafundisha kuandika mauzo. La pili, kutenga: kopo la kula, kopo la kodi ya chumba, kopo la mtaji. La tatu, la mtaji wenyewe, lilichukua wiki mbili. Hapo nilipanda jukwaani, mama. Unanijua nikishapata watu wa kunisikiliza. Nikawaambia akiba haiozi, na kwamba biashara zao zinakufa kwa sababu kila likitokea jambo, wifi ana ngoma, shemeji ana safari, mkono uko kwenye kopo. "Kopo la mtaji haliguswi!" Nikawaimbisha kama watoto wa chekechea. Haliguswi kwa harusi? Haliguswi! Haliguswi kwa mume? Wakacheka, wakaitikia kwa nguvu zaidi.

Somo la nne ndilo lilikuwa la kopo la shida, na la wakati ambapo hata mtaji huvunjwa. Kwenye karatasi zangu lipo, nimeliandika vizuri, nimelipigia mstari. Sikulifundisha. Jumamosi ile nilikwenda Madale kuangalia kile kiwanja nilichokuandikia kwa mbwembwe, kwamba siku moja utakuja kukaa kilimani kama kwenu. Mwenye shamba alikuwa anapatikana Jumamosi tu. Nikatuma neno Manzese kwamba tutaonana wiki ijayo. Nilizunguka kwenye mikorosho mpaka jioni, nikaona bei kubwa, nikarudi. Wiki iliyofuata shule ikalitumia darasa kwa mitihani. Basi, Jumamosi mbili zikapita.

Kati ya wanafunzi wangu yuko Mama Tunu, muuza mihogo ya kukaanga. Yeye hakusoma sana, na jioni mumewe, Shomari, ndiye alikuwa anamsaidia daftari. Shomari alipunguzwa kwenye kiwanda cha nguo, akawa anasukuma mkokoteni sokoni. Alikuwa anapenda masomo yetu kuliko hata mkewe. Aliandika kwa chaki juu ya mlango wa chumba chao, herufi kubwa: KOPO HALIGUSWI. Mkewe alitusimulia darasani tukacheka sana, na mimi nikavimba kichwa.

Jumatatu baada ya safari yangu ya Madale, Shomari alikanyaga msumari wenye kutu. Majirani wakamwambia nenda kachome sindano. Siku hizi hospitali ni kuchangia, unajua, na kopo la kula lilikuwa tupu. Mkewe akasema tuchukue kwenye mtaji. Akamjibu, "We, mwalimu kasemaje? Leo msumari, kesho jino, mwisho mihogo utanunulia nini?" Akamwagia mafuta ya taa kwenye kidonda, akafunga kitambaa, akarudi kwenye mkokoteni. Bei ya sindano ile, mama, mimi huinywea soda na wenzangu ofisini.

Zikapita siku kumi. Alhamisi asubuhi mlinzi akaniita, kuna mgeni chini. Nikamkuta Mama Tunu amesimama karibu na geti, kopo amelifunga ndani ya khanga, amelikumbatia.

"Mwalimu, nimekuja kuomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini tena, Mama Tunu?"

"Ya kuligusa. Baba Tunu taya zimekaza toka jana, hata uji haupiti. Nimemwambia nifungue kopo, anakataa kwa kichwa, mdomo haufunguki. Nikaona bora nije kwako mwenyewe ulotufundisha."

Mama, alitoka Manzese mpaka mjini, mumewe yuko katika hali ile, kuja kuniomba ruhusa ya kutumia fedha zake mwenyewe. Nilimshika mkono tukakimbia, na mkoba wangu ukabaki mezani.

Ilikuwa pepopunda. Walimweka kwenye chumba cha giza, kwa sababu mwanga na kelele vinamkakamaza mwili mzima. Dawa zilikuwa za kununua nje, kwenye maduka ya watu binafsi. Nilitoa zangu, naye akatoa za kopo, sikuweza kumzuia. Daktari akatuambia tumechelewa, angechomwa siku ya kwanza tusingekuwa hapo. Alisema kwa upole tu, kama anavyowaambia wengi. Siku tano, hata Jumamosi ya darasa, nilikwenda kila jioni nikakaa na Mama Tunu kwenye benchi la nje. Hakunilaumu hata kwa jicho. Laiti angenitukana.

Jumanne Shomari alifariki. Tulimzika kesho yake. Kilichobaki kwenye kopo ndicho kilichonunua sanda na ubao. Msibani baba yake mdogo, mzee wa heshima, akanifuata mbele za watu akanishika mikono yote miwili. "Mwalimu, Mungu akulipe. Mwanetu kazikwa bila deni. Sie huku tumezoea kuzika kwa kukopa. Hii ni elimu yako." Watu wakaitikia alhamdulillahi. Nilisimama pale nikapokea shukrani, mama.

Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Mwenzangu mmoja wa ofisini ndiye pekee niliyemweleza, akaniambia, "Kihesabu hujakosea mahali, usijitese." Nilitaka kumpiga na faili. Wewe ulikuwa unatuambia mwalimu akikosea ubaoni anafuta, lakini akikosea kichwani mwa mtu hana kifutio. Nilikuwa naona ni maneno ya walimu ya kujikuza. Na nakumbuka ulivyokuwa unatelemka na mvua kwenda kwenye kisomo chako, baba akikugombeza, nawe unasema kuna watu wameachwa katikati ya herufi. Hukukosa hata siku moja. Mimi niliwaacha katikati kwa ajili ya mikorosho.

Jana nilikwenda Manzese kuwaaga. Nilishapanga maneno: kazi zimezidi, atakuja mwingine. Uongo mtupu, nilikuwa nakimbia. Nikawakuta wote wamekaa, dawati la Mama Tunu tu ndilo tupu, na hakuna aliyelikalia. Kabla sijafungua kinywa akasimama jirani yake, Bi Mwantumu, mtu mzima anayeuza kuni.

"Mwalimu, mwenzetu yumo edani, hatoki miezi minne na siku kumi. Ila kasema somo lisimpite. Kanipa daftari lake, anaomba umwandikie la leo, atalisoma ndani."

Nikamwambia kichwa kinaniuma. Nikachukua daftari nikaondoka, wanawake thelathini wakinitazama. Nyuma nikamsikia mmoja anasema, "Masikini mwalimu, msiba umemwingia."

Mama, sijakuandikia unifariji. Usiniambie ni kazi ya Mungu, hilo nimeshaambiwa na watu wote na halinisaidii. Nakuuliza kama mwalimu aliyenitangulia. Nikimwandikia somo la nne kama lilivyo, atasoma kwa macho yake, peke yake chumbani, na chaki ya mumewe bado iko juu ya mlango, kwamba kopo huguswa kwa ugonjwa, na kwamba mwalimu wake alilijua hilo tangu mwanzo. Nisipomwandikia, wale wengine wote wana makopo nyumbani ambayo hayaguswi, na misumari imejaa Manzese. Wote nimewaimbisha mimi.

Nisalimie dada, mwambie mkopo wake wa vitenge nimeusikia, nitauangalia. Mpe shikamoo yangu shangazi anayekuletea maziwa, na baba mdogo, na mama mkwe wa kaka akija kanisani. Watoto wa dada wabusu.

Daftari liko hapa mezani mbele yangu. Leo asubuhi ndipo nilipopata nguvu ya kulifungua. Masomo matatu yameandikwa kwa herufi za Mama Tunu, kubwa kubwa, zinapanda na kushuka. Baada ya hapo kuna ukurasa mtupu uliopigwa mistari kwa rula, imenyooka sawasawa, na juu yake mwandiko wa mtu mwingine, mwandiko wa mtu aliyekaa kiwandani akijaza kadi za zamu: SOMO LA NNE. Shomari aliutayarisha ukurasa huo Jumamosi niliyokuwa Madale, na pembeni aliandika tarehe ya siku hiyo. Kalamu ninayokuandikia ndiyo hiyohiyo nitakayotumia, na tangu asubuhi haijagusa mstari hata mmoja.

Nijibu upesi, mama.

Ni mimi mwanao,
Namkunda.