Namna Tindo Inavyotengenezwa

4 Februari

Mwanangu Mwalimu,

Nina miaka sabini na saba. Nimemzika mama yako, nimewazika kaka zangu wawili, nimemzika na yule daktari aliyenigonga kifua akasema moshi wa makaa hautanifikisha mwaka mwingine. Fuawe mbili zimepasuka mbele yangu, mimi bado mzima. Kwa hiyo ukiuliza afya, ndiyo hiyo. Goti la kushoto linanung'unika asubuhi, likishaona moto linanyamaza. Wewe je? Bado unakohoa vumbi la chaki? Kunywa maji ya moto na uache ubishi, ubishi niachie mimi.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu anisomee. Nilianza na chai ya asubuhi nikamaliza jua likiwa utosini, lakini nimemaliza. Unasema wanafunzi wako wa chuo cha ufundi wanatakiwa waeleze kwa Kiingereza kitu kinavyotengenezwa, hatua kwa hatua, na kitabu chenu kinaeleza mtambo wa karatasi ambao hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuuona, wewe mwalimu wao ukiwemo. Nimecheka mpaka jirani akachungulia. Sasa unataka kuwaleta bandani kwangu waone tindo inavyozaliwa.

Walete. Wataona tindo yenyewe, si vile vipande vya nondo vinavyouzwa madukani. Katika mji huu hakuna mwashi anayepasua zege au jiwe bila kushika chuma nilichokifua mimi. Lakini wasiguse kitu, na wasisimame kati yangu na moto. Kuhusu Kiingereza usiwe na wasiwasi, na mimi ninacho. Nilifanya kazi na mhandisi wa kigeni, yeye hajui lugha yangu, mimi sijui yake, na mtambo uliwaka. Nilikuwa na yesi na nilikuwa na no, na kila moja nilijua pa kuiweka.

Baba yako


26 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Mimi kikohozi kimepungua, yale maji ya moto nakunywa kama ulivyoniamuru.

Baba, asante. Tangu turudi hawazungumzi kingine. Uliongea asubuhi nzima na hakuna aliyepiga miayo, jambo ambalo mimi sijawahi kulipata darasani hata kwa robo saa. Wamekariri maneno yote: fuawe, koleo, mvukuto, ncha, makaa. Zamani nikiwauliza jina la kitu wanatazama dari, sasa wanakiona kwa macho ya akilini kisha wanakitaja.

Nimekuwekea karatasi ya zoezi. Chini ya kila sentensi ya Kiingereza nimekuandikia kwa lugha yetu: Chuma kinakatwa. Chuma kinapashwa moto mpaka kiwe chekundu. Ncha inafuliwa juu ya fuawe. Ncha inachovywa ndani ya maji. Ncha inanolewa. Tindo iko tayari kutumika.

Mwalimu wa karakana ameipenda kuliko nilivyotarajia. Anataka wanafunzi waisome kwa Kiingereza huku wanaifuata kwa mikono, kila mmoja atengeneze tindo yake. Mkuu wa chuo amekubali ichapwe kwa madarasa yote. Chini kabisa limeandikwa jina langu kama mtayarishaji. Kwa hiyo nakuomba, isome taratibu. Kama kuna tulichoruka, nirekebishie kabla haijaenda kuchapwa.

Binti yako


9 Machi

Mwanangu Mwalimu,

Marahaba. Mimi mzima, goti halijambo, mkaa umepanda bei na mvua imeingia bandani, mengine yote kheri.

Karatasi nimeiona. Nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali nilipo, sikujiona. Chuma kinapashwa moto. Na nani? Na paka? Ncha inafuliwa. Inajifua? Niliwasimamisha vijana wako asubuhi nzima, nikatoka jasho, nikawapa hadithi za mtambo na za yule mhandisi, mwishoni naambiwa chuma kilipita chenyewe motoni kikatoka tindo. Jina lako lakini lipo, nimeliona, limekaa vizuri pale chini.

Usiniambie ndivyo Kiingereza cha ufundi kinavyotaka. Najua utaniambia.

Unauliza kama mmeruka kitu. Mmeandika mlichokiona. Chapeni.

Na ukinisikia nina neno kali usishangae. Kipara unamkumbuka, alikaa kwangu akiwa hajui hata kushika koleo, akala sahani moja na wewe, siku alipodhani amehitimu akafungua banda lake ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango na wangu. Sasa kila asubuhi tunatazamana kama viatu vya mtumba vya jozi moja. Wateja wake hawarudi mara ya pili, nami sijamwambia kwa nini. Mtu akijua kila kitu changu, mimi nitakula nini?

Baba yako


2 Mei

Baba,

Shikamoo. Naomba unisamehe, leo sina salamu ndefu.

Kuna mwanafunzi wangu wanamwita Mrefu. Utamkumbuka, ndiye aliyeinama kuingia bandani kwako. Wiki iliyopita alimaliza tindo yake karakanani, wa kwanza darasani, akaenda kuijaribu kwenye zege la ukuta wa nyuma. Pigo la pili ncha ikakatika. Kipande kimeingia jicho la kushoto. Hospitali wamelitoa. Halikuwezekana kuokolewa.

Mwalimu wa karakana alichukua tindo iliyovunjika akampelekea fundi wa kiwanda cha vyuma. Alipoiona tu akasema chuma hiki ni kigumu kama kioo, baada ya kuchovywa kilitakiwa kirudishwe motoni kidogo ili kilegee. Akauliza ni nani asiyejua hilo. Mwalimu wa karakana akasema yeye ni wa kuchomelea, ya kufua chuma hayajui, alifuata karatasi. Karatasi ina jina langu.

Kutakuwa na kikao tarehe ishirini, saa tatu asubuhi. Wanasema mwalimu wa lugha amejitungia hatua za kazi asiyoijua na mtoto wa watu amepoteza jicho. Nikishindwa kuthibitisha kwamba niliandika kila ulichotuonyesha nitafukuzwa, na hakuna chuo kingine kitakachonichukua.

Baba, nimeirudia barua yako ya Machi mpaka karatasi imelegea. Ulituonyesha yote? Njoo kwenye kikao. Useme tu.

Binti yako


11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimepata homa lakini imepita, mimi homa haikai kwangu. Nampa pole kijana. Jicho si kitu cha kuchezea.

Lakini nina maswali. Miwani ya kazi ilikuwa wapi? Unaona hujaiandika. Mimi sivai, lakini mimi ni mimi, nimeyatazama makaa tangu hujazaliwa na yananijua. Huyo mwalimu wa karakana anafundisha kazi ambayo mwenyewe haijui, yeye mbona haitwi? Na huyo fundi wa kiwandani anayesema ni nani asiyejua, mwambie aje tuwashe moto sisi wawili tuone nani ni nani.

Kikaoni siji. Niliwaita? Ninyi ndio mlikuja na madaftari. Mlitaka Kiingereza, mkapata Kiingereza. Mimi sikumwambia mtu achape karatasi za kugawa.

Tena nisikilize vizuri. Wakati wa sifa jina langu halikutakiwa. Chuma kilipashwa moto, na hakuna aliyekipasha. Ncha ilichovywa, na hakuna aliyeichovya. Basi na jicho lilitobolewa, na hakuna aliyelitoboa. Kama sikuwemo kwenye kazi, msinitafute kwenye hasara.

Kula vizuri. Usijikondeshe kwa ajili ya watu wa vikao.

Baba yako


14 Mei

Baba,

Shikamoo.

Miwani ya karakana ni miwili na wanafunzi ni thelathini. Mrefu alikuwa amempa mwenzake.

Sikukuita uje kushindana na fundi wa kiwandani. Sikuombi uimwage kazi yako barabarani Kipara aiokote. Nataka sentensi moja tu, kwamba kuna hatua haikuonyeshwa. Kama mdomo hauwezi kusema "mimi nilificha", sema "ilifichwa". Tumefundisha hivyo mwaka mzima, watakuelewa.

Jana nilikwenda kumwona Mrefu. Mama yake alinipa kiti, akarudi jikoni. Yeye mwenyewe aliniuliza kama mtihani wa Kiingereza bado uko pale pale. Nikamwambia upo. Akasema ataufanya.

Nimeongea na mlinzi wa getini, anajua unakuja, atakuonyesha chumba. Nitakaa karibu nawe. Hakuna mtu atakayekuvunjia heshima mimi nikiwepo.

Usiponijibu nitajua uko njiani.

Binti yako


3 Juni

Mwanangu Mwalimu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila nimepungua mwili kidogo, wanaosema nimezeeka ni watu wa husuda.

Tarehe ishirini nilivaa koti. Nataka ujue hilo. Nilivaa koti na viatu, nikafika mpaka kona ya stendi, halafu akaja mwashi mmoja na tindo nane za kunolewa, akasema mafundi wake wamekaa bure wanazisubiri. Kazi ni kazi. Nilirudi. Hakuna aliyenizuia na sikumwogopa mtu.

Kikao kiliendaje? Hujaniandikia. Huyo huyo mwashi wiki hii anakarabati ukuta wa chuo chenu, anasema Kiingereza kinafundishwa na mwalimu mwingine, mwanamume mwenye mkoba mwekundu. Nikamwambia hao ni wa zamu. Niandikie unithibitishie ni wa zamu.

Baba yako


27 Septemba

Mwanangu,

Barua yangu ya Juni imerudi. Ile ya Julai imerudi. Hii nimempa mama mwenye nyumba uliyokuwa umepanga, anasema anajua ulikohamia ila amekatazwa kunitajia, lakini kukupelekea atakupelekea. Anasema unafundisha watoto wadogo a na be na che, na kikohozi kimeisha. Nimefurahi kuhusu kikohozi.

Mimi mzima. Nakueleza ya huku, kwa kuwa hakuna atakayekueleza sawasawa.

Maneno ya yule fundi wa kiwandani yameenea mji mzima. Chuo kilibandika karatasi nyingine ukutani, ina hatua zote, na waashi wanaijua kama wimbo. Wanakuja kwangu, watu niliowauzia tindo tangu ndevu hazijawaota, wanashika chuma changu wanakigeuza geuza na kuniuliza: "Mzee, hii imerudi motoni?" Mimi wa kuulizwa hivyo. Kipara naye anarudisha motoni sasa, nimemwona, hafichi, anafanyia mlangoni kabisa ili nione. Chuo kinanunua kwake.

Kwa hiyo hakuna cha kula tena, nakuandikia bure kile ambacho Kipara hakukipata kwangu kwa miaka yote ile. Ncha ikishachovywa, isugue haraka ing'ae. Iweke ukingoni mwa makaa, si katikati, na usiondoe jicho. Itakuja rangi ya majani makavu. Subiri. Itakuja kahawia. Subiri tena kidogo. Zambarau ikigusa ncha, izime majini mara ya pili. Hapo ndipo ni tindo, kabla ya hapo ni kioo. Nimeyafanya haya nikiwa nimewapa watu mgongo tangu nikiwa kijana, na hakuna mkono wa mwashi uliowahi kuumia kwa chuma changu. Hilo andika popote unapotaka, na jina langu uliweke.

Kinachoniuma ni kwamba najua unaniita mwongo huko uliko. Mwongo mimi siye. Siku ile nilichovya ncha mbele yenu nikaiweka kando. Nikachukua nyingine, niliyoimaliza jana yake, nikapasulia jiwe, mkapiga makofi. Sikusema kuwa ni ile ile. Hakuna aliyeuliza.

Isipokuwa mmoja. Wewe ulikuwa umetoka nje kuwapanga waliokosa nafasi. Alisogea karibu na maji, akainama kwa adabu, akasema, "Babu, hii ikipigwa sasa hivi si itakatika? Hairudi kwanza motoni?" Mimi nilicheka. Nikamwambia akamalize kwanza Kiingereza chake ndipo aje kunifundisha chuma. Wenzake wakacheka na wao. Akatazama daftari la mwenzake, akaandika walivyoandika wote.

Kucheka si uongo. Kama huniamini mimi baba yako, shahidi yupo na ana akili zake timamu. Ni huyo huyo aliyeuliza, Mrefu. Kamuulize. Atakwambia neno la uongo halikunitoka mdomoni, nilicheka tu.

Baba yako