Mama Solange Hakukuroga

Mama,

Ni mimi Furaha, kifungua mimba wako. Bado niko hapa kwenye kambi ya Dzaleka, Malawi, na cherehani yako bado inashona. Lakini sikuandiki kwa ajili ya cherehani.

Unamkumbuka jirani yetu, Mama Solange? Siku ile ulikuwa umeinama unakata gauni. Akapita nyuma yako, sufuria kubwa ikamponyoka, ikalia kwenye sementi. Ulishtuka, ukashika kifua, ukaanguka. Hukuamka tena.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mbele ya wote waliokuja kwenye kilio nikamnyooshea kidole: "Huyu njo mulozi. Njo ameua mama." Mi njo nilianza, Mama. Juma halikuisha, akafunga mizigo yake, akashika watoto wake, akatoka kambini. Hakuna aliyemsindikiza.

Ulizoea kutusimulia juu ya kaka yako, aliyekufa Bukavu bunduki zilipolia, na mwilini hawakuona tundu la risasi. "Woga ilimuua," ulisema. Tukaamini.

Mwaka huu binti yangu Neema, mjukuu wako, alianguka shuleni kengele ilipogongwa. Alizinduka, Mungu asifiwe. Nikamkimbiza Lilongwe. Daktari alimbandika nyaya kifuani, akatazama mistari ya moyo. Kisha akauliza ni nani katika ukoo wetu aliyekufa ghafla. Nikawataja, wewe na mjomba.

Akatutoa damu sote wawili, akaituma ng'ambo. Alisema zamani, kusoma urithi wote ulioandikwa ndani ya damu ya mtu mmoja ilikuwa kazi ya miaka, tena ya nchi tajiri. Siku hizi mashine inausoma kwa majuma machache. Tulingoja miezi miwili. Jibu likaja: herufi moja imekosewa. Inachelewesha moyo kati ya pigo na pigo, na kelele ya ghafla inaweza kuusimamisha.

Neema anayo. Mimi ninayo. Wewe ulikuwa nayo, Mama... na hukujua.

Tunameza vidonge kila siku. Simu nimeitoa sauti. Lakini mvua zinakaribia, na radi za hapa Dowa unazijua.

Nilienda soko la Tsoka, Lilongwe, mahali Mama Solange anapouza kaunjika, zile nguo za mitumba. Nilimweleza yote, nikaomba msamaha. Hakuacha kukunja mashati.

"Muliniita mulozi mbele ya batoto yangu," akasema. "Leo karatasi njo inanitetea?"

Nilipogeuka niondoke, akauliza bila kuniangalia, "Na mutoto, iko aje?"

Nikalia pale pale sokoni.

Amebaki Amani, kitinda mimba wako. Aliteremka Afrika Kusini kutafuta kazi. Habari ya mwisho niliyoipata, yuko kwenye machimbo ya mawe, wanapasua miamba kwa baruti. Namba yake haiingii tena. Daktari anasema naye huenda anayo, huenda hana. Ni damu yake tu itakayosema. Kila anayeteremka huko ninampa jina lake na picha.

Pumzika, Mama yangu. Ninakuahidi nitamtafuta Amani hadi nimpate, kabla baruti haijamshtua. Na kama nitachelewa, hakuna mama wa mtu atakayeitwa mulozi kwa ajili ya kifo chake.

Mtoto wako,
Furaha