Namba Uliyonisomea

Katuba, Lubumbashi
14 Oktoba

Mama Adolphine mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na wote mnaoishi pamoja huko Kasenga. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti la kushoto limetulia, na wajukuu wanakuacha upumzike mchana. Mimi ni mzima wa mwili. Mama yangu anakusalimia, bado anakuita mkunga wake ingawa kitinda mimba wake sasa ana miaka kumi na tisa na ndevu. Barua hii anakuletea Chama, yule mama muuza samaki, kwa sababu nimesikia umekataa kabisa kugusa simu tena. Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningeitupa mtoni Luapula.

Huku joto limetushika, mvua haijaja, na vumbi la Katuba tunalila sahanini pamoja na bukari. Pale maternité wametengeneza paa la chumba cha kujifungulia. Mkunga mpya anaitwa Gracia. Ana mikono mizuri, ila anaimba akiwa anashona, na akina mama wanalalamika kwamba si wakati wa kwaya. Ule mtindo wako wa kusoma kwa sauti namba ya bangili ya mtoto na ya mama yake, mara mbili, hata siku amezaliwa mtoto mmoja tu, ameukuta na anaufuata. Sisi tulizoea kukucheka kwa ajili ya hilo.

Nimechoka, Mama. Nimeanza barua hii mara nne na mara zote nimeishia kwenye habari za paa. Leo nitaendelea mbele.

Unakumbuka tulivyoacha yale madaftari makubwa na kuweka majina ya akina mama kwenye kompyuta iliyo nyuma ya famasi, ambayo mimi ndiye niliyepewa kuitunza. Kila mkunga alikuwa na simu ya kazi, na kwa mtandao wetu wa wifi aliweza kufungua faili la mgonjwa akiwa kitandani pake. Kompyuta za watu wakubwa zina cheti kutoka ofisi inayojulikana duniani, na simu ikikiona inaridhika. Yetu haitoki nje ya uzio, kwa hiyo cheti chake nilikitengeneza na kukitia sahihi mimi mwenyewe. Simu haikumjua Alima ni nani. Kila mkifungua, ukurasa mwekundu unatokea na kusema mahali hapa si salama. Nami kwa mwaka mzima niliwafundisha wote msisome, mfinye tu "Avancé", halafu "Continuer", yaani endelea. Niliwafundisha vizuri sana. Mlifinya hata mkiwa mnaongea na mgonjwa.

Kisha nikaleta ile programu ya kutunza maneno ya siri, zile mot de passe, maana yenu mlikuwa mmeyaandika ukutani juu ya sinki. Programu hiyo ilikuwa na kichwa kigumu, ikikuta cheti isichokijua haitoi neno la siri. Basi niliketi na kila mmoja, nikaingiza cheti chetu kwenye simu yake, nikampa kikaratasi chenye mwanzo wa namba ndefu ya cheti hicho. Nikasema kuanzia leo hamtaona tena ukurasa mwekundu, na mkiuona simameni, mlinganishe namba, mniite. Wengi walikitupa kikaratasi siku ile ile. Wewe ulikishona kwenye mfuko wa blauzi yako ya kazi.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mwezi wa sita, kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa zilianza kupita picha za kurasa zetu, majina ya wanawake kumi na mmoja na majibu ya vipimo vyao vya damu. Sephora, yule fundi cherehani, jina lake lilikuwa la pili. Mume wake alihama na vitu vyake kabla ya Jumapili. Docteur Adalbert, kama mkuu wetu, aliniagiza nitazame kwenye kompyuta nani alifungua faili hizo, na kompyuta ikajibu Adolphine, zote kumi na moja, kwa neno la siri la Adolphine. Ukaitwa kwenye mkutano. Ulisema hujawahi kutoa siri ya mwanamke yeyote tangu uanze kazi, miaka thelathini na moja. Docteur alisema mashine haina sababu ya kudanganya. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, na karatasi yenye jina lako ilikuwa mikononi mwangu.

Baada ya hapo nimesikia jinsi walivyoacha kukusalimia sokoni, na kwamba akina mama wa parokia walikuomba upumzike kidogo, kama wanavyosema watu wenye adabu wanapomfukuza mtu. Nilikuona ukipanda gari la Kasenga na mabegi mawili. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Sasa, wiki iliyopita Docteur aliniambia niifute simu yako ya kazi ili apewe Gracia. Ilikuwa kwenye droo tangu ulipoondoka. Kabla ya kufuta nilifungua ile programu, kwenye orodha ya vyeti ambavyo mwenye simu amevikubali. Vilikuwa viwili. Kimoja chetu. Cha pili sikukitengeneza mimi. Kilikubaliwa siku ya Jumanne ya mwezi wa sita, saa nne kasoro dakika chache asubuhi, na siku hiyo hiyo mchana ndipo faili zilifunguliwa. Maana yake ni rahisi, Mama. Mtu aliweka karibu na ukuta wetu wifi nyingine yenye jina kama letu, na ukurasa unaofanana na wetu. Simu yako ikaingia huko, ukamwandikia yeye neno lako la siri ukidhani unatuandikia sisi, naye akaja nalo kwetu akijiita Adolphine. Ni nani, bado wanatafuta. Mtaani wanamtaja fundi mmoja aliyegombana na Docteur. Mimi sikumwona, na nimeshaona inavyokuwa mtu akitajwa bila kuonwa.

Ningeweza kuishia hapo, nikuambie nimegundua wiki iliyopita na nimefurahi kwa ajili yako. Docteur mwanzoni aliamini hivyo. Si kweli.

Jumanne ile nilikuwa uwanja wa ndege wa Luano, nasubiri boksi la vipimo lililokuja na ndege. Nilisimama kwenye foleni tangu alfajiri, karani ananituma dirisha hili na lile, na kichwa kinaniuma. Ukanipigia. Sauti yako nimeibeba miezi minne, naweza kuiandika neno kwa neno. Ulisema: "Alima, telefone inakatala kunipa mot de passe. Kale ka page kekundu karudi. Na namba ya pale, na hii ya mu karatasi yangu, haifanane. Nilisoma mara mbili." Ukaanza kunisomea, herufi kwa herufi, kama unavyosoma bangili ya mtoto. Sikukuacha umalize. Nilikujibu: "Mama, ni ile ile yetu, finya tu Continuer, uandike mot de passe wewe mwenyewe." Ukauliza tena kama nina hakika. Nikasema ndiyo, mama, niko na kazi. Nikakata.

Kati ya watu wote niliowafundisha, ni wewe peke yako uliyesoma. Programu ilikataa kwa haki, wewe ulikataa kwa haki, na mimi niliyekitia cheti sahihi ndiye niliyekulazimisha. Na usidhani nilikuwa nimesahau. Siku ya mkutano Docteur alipotaja saa na tarehe, niliikumbuka ile simu uliyonipigia pale pale, nikiwa na karatasi mkononi. Wewe ulinitazama. Nilidhani utasema, "Alima ndiye aliniambia." Hukusema. Mpaka leo sijui kama ulinihurumia au ulisubiri niseme mwenyewe. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa macho ya wale wanawake kumi na mmoja, nikanyamaza. Nakuonea aibu hata kwenye karatasi.

Ijumaa nilimweleza Docteur yote. Akasema tuiite tatizo la kiufundi, urudishwe kazini polepole, bila kelele, kwa heshima ya maternité. Nilimwambia kelele za kukutoa zilisikika Katuba nzima. Basi jana, siku ya kupima watoto, benchi zote zimejaa, nilisimama mbele ya mizani nikawasomea nilichokiandika. Jina langu, jina lako, ile simu ya Luano, na mkutano. Docteur alikuwa mlangoni, hakunizuia.

Sephora alikuwepo, amemleta mtoto. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Aliniuliza tu: "Basi ni juu ya nini uliniacha nimulaani ule mama miezi ine?" Nilimwambia kwamba nilikuwa mwoga. Akasema kila asubuhi akiwasha cherehani alikuwa akitaja jina lako, na hajui sasa afanye nini na maneno yale. Kisha akaondoka kabla mtoto hajapimwa.

Leo asubuhi amenijia nyumbani. Hakutaka kuingia wala kukaa. Ameleta blauzi ya kazi, nyeupe, aliyoishona usiku kwa kipimo cha ile uliyoiacha kwenye kabati, ambayo Gracia alimwazima jioni, akaniambia nimpe Chama aje nayo. Utaikuta ndani ya mfuko huu pamoja na karatasi niliyowasomea. Docteur ameweka muhuri chini yake, baada ya kubishana sana, na nakala nimeipeleka kwa akina mama wa parokia. Kazi yako ipo. Yangu itaisha mwisho wa mwezi. Nimeandika mwenyewe kwamba naondoka, hakuna aliyenifukuza.

Sikuombi unisamehe, wala sisemi karibu nyumbani, maana sina haki ya kukukaribisha mahali nilipokutoa. Ukitaka kuja, mwambie Chama siku. Sephora atakuwepo gari litakaposimama. Mimi sitakuja kukupokea, ila kama wewe mwenyewe utasema nije.

Wasalimie wanao na wajukuu, na yule mdogo aliyeanza kutembea. Mama yangu anasema ukunje goti kila asubuhi hata likiuma. Mungu akulinde njiani na nyumbani.

Ni mimi, uliyenipokea mikononi mwako siku niliyozaliwa,

Alima Amadi