Shangazi Anadhani Niko Wodi ya Wazazi

Mpendwa Mshauri,

Kuna mlio mmoja umekataa kutoka kichwani mwangu, mlio wa kijiko kikigonga kikombe cha bati mara tatu, ko, ko, ko, na kwa sababu ya mlio huo nimekwama kiasi kwamba nimeamua kukuandikia wewe ambaye hunijui, maana wanaonijua wote nimeshawadanganya.

Nina miaka kumi na tisa, nimemaliza sekondari na matokeo mazuri, nimelelewa na shangazi yangu ambaye ni mkunga wa miaka ishirini na saba na ndiye aliyenipokea kwa mikono yake nilipozaliwa, na tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni mtaa mzima unaniita Mkunga Mdogo, kwa hiyo sijawahi kuulizwa nataka kuwa nani, na sikuwahi kulalamika kwa sababu nilidhani jibu lile ni langu. Chuo ninachoomba kina shahada tatu za fani hii: Uuguzi, ambayo ni ya jumla, Ukunga, na Uuguzi wa Afya ya Akili. Siku ya kujaza fomu shangazi alisimama nyuma yangu, mkono begani, nikaandika Ukunga chaguo la kwanza, naye akaenda jikoni akiimba.

Kabla ya chuo nilipata wiki sita za kujitolea katika hospitali kubwa, si zahanati anakofanya kazi shangazi, lakini alikuwa ameshaongea na mwenzake wa zamani ili nipangwe wodi ya wazazi. Siku ya kwanza nikamkuta msichana mwenzangu analia kwenye korido, tunamwita Cherehani kwa sababu akianza kuongea hasimami, amepangwa wodi ya wagonjwa wa akili na mama yake amemkataza kukanyaga huko. Nikamwambia tubadilishane. Sijui kwa nini nilisema vile, nadhani nilitaka siku moja tu ya kutokuwa Mkunga Mdogo. Msimamizi alifuta majina yetu mawili, akayaandika upya kwa penseli, na siku moja imekuwa wiki sita.

Sasa sikia uongo wangu. Kila jioni shangazi ananiuliza habari za leba, kwa hiyo kila mchana nakaa na Cherehani nakula maneno yake kuliko chakula, nayapeleka nyumbani yakiwa bado ya moto. Mpaka leo nimezalisha kwa mdomo watoto kumi na mmoja, mapacha wakiwemo.

"Mama wa mapacha alikuwa ametulia?" shangazi anauliza, tonge limesimama hewani.

"Ametulia, shangazi."

"Mlimlaza ubavu?"

"Tulimlaza."

"Enhe. Ndivyo."

Kisha ananitazama kuanzia usoni mpaka miguuni, taratibu, nami nainamia sahani.

Kijiko sasa. Kwenye wodi yetu, kila mlo ukiisha vijiko vinahesabiwa kabla ya mlango kufunguliwa, ishirini na nne, na hesabu isipotimia hatoki mtu. Siku hiyo vilikuwa ishirini na tatu. Mhudumu mmoja akasema wapekuliwe wote. Nesi wa zamu, mwanamume mnene tunayemwita Funguo kwa ule mkungu wa funguo unaoning'inia kiunoni mwake, akasema, "Ngojeni kwanza," akachukua kijiko na kikombe, akaenda kukaa sakafuni kando ya kitanda cha mwisho. Hapo alilala fundi seremala aliyekuwa na miezi mitatu hajatamka neno, blanketi mpaka kichwani. Funguo akampa mgongo, akagonga kikombe mara tatu. Tulisimama robo saa nzima, yule mhudumu anasonya. Akagonga tena. Ndipo kutoka chini ya blanketi, kwenye chuma cha kitanda, tukasikia ko, ko, ko.

Funguo hakugeuka. Akasema kama anayeongea na ukuta, "Fundi, ile meza yetu ya kulia niliipigilia msumari jana. Imekaa?"

Na yule mtu akajibu, "Bado inacheza."

Mkono ukatoka na kijiko.

Mshauri, nilitoka nikasimama kwenye kamba za kuanikia mashuka nikalia, na haikuwa huzuni. Hakukuwa na sindano, wala bandeji, wala kichanga cha kuinua juu watu washangilie, lakini mbele ya macho yangu kuna mtu alikuwa amezaliwa. Tangu siku hiyo najua ninachotaka, na kukijua ndiko kunakonitesa, kwa sababu kaka yangu akisikia mtu anataja wodi ile husema wanaosomea vichaa hurudi wamefanana nao, na mimi mwenyewe ni mtu wa kimya, najiuliza usiku na mchana kama ninaipenda kazi au natafuta pa kujificha. Halafu shangazi. Fomu inaruhusiwa kubadilishwa mara moja tu, na mwisho ni Ijumaa ijayo saa sita mchana. Je, nibadilishe kimyakimya nimweleze majina yakishatoka, au nisome Ukunga ninyamaze?

Mkunga Mdogo wa Uongo

*

Binti,

Barua yako nimeirusha mbele ya foleni kwa ajili ya hiyo Ijumaa, kwa hiyo nisikilize bila kunikatiza.

Pole. Kubebeshwa jina kabla ya kuota meno ni mzigo, hata likiwa jina la mapenzi. Pole yangu inaishia hapo. Watoto kumi na mmoja? Umekaa mbele ya mwanamke aliyekupokea duniani, ukamlisha leba ya kuazima wiki sita mfululizo, na sasa unaniuliza kama uendelee kidogo mpaka majina yatoke. Hapana. Uende chuo ukiwa umesema ukweli, au usiende.

Tuje kwenye masomo. Nina jirani, mkufunzi wa wauguzi aliyestaafu, nimemsomea barua yako akacheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena alisema hivi. Watu wanadhani nesi ni nesi, kama vile wote wametoka kiwandani siku moja. Mkunga kazi yake ina saa yake: mimba, uchungu, mtoto, mama kusimama tena, na mara nyingi unaona mwisho wake kwa macho. Muuguzi wa jumla anabeba kila kitu, kidonda, sukari, mzee aliyevunjika nyonga, kesho wodi ya watoto, na anayeanzia hapo anaweza baadaye kujiendeleza kuelekea anakotaka. Huyo wa akili chombo chake ni yeye mwenyewe: anavyokaa, anavyosikiliza, anavyongoja. Lakini naye anasoma mwili, dawa na sheria kama wenzake, na zipo siku anatukanwa, anasukumwa, na aliyepona Machi anarudishwa Juni. Umeona siku ya kijiko. Je, umeona siku mbaya? Kama hujaiona, mwombe huyo Funguo akusimulie tatu, na usimruhusu azipambe.

Kuhusu ukimya wako, acha kujipima kama unga. Mtu anayejificha hasimami robo saa kusubiri mgonjwa agonge chuma. Asiyeongea sana anaweza kufaa kazi hiyo, mradi asikie. Ila siku ukielemewa, nenda ukaseme kwa aliyekutangulia, kwa sababu nesi wa akili anayekaa na yake moyoni atakuja kulazwa kitanda cha jirani. Na kaka yako mwambie vijembe vyake nimevisikia, avitafutie kazi nyingine.

Fanya hivi. Chukua kitabu cha mwongozo cha chuo, uache ukurasa wenye picha za wahitimu, nenda kwenye ratiba: mazoezi ya wodini yanaanza mwaka gani, yanafanyika wapi, kwa saa ngapi. Uliza ofisini kama shahada hiyo inakuwezesha kusajiliwa na baraza la wauguzi, na ukitaka kuhama fani baada ya mwaka wa kwanza mlango upo au hakuna. Majibu uyapate kwa maandishi. Ukishayasoma na moyo bado uko palepale, badilisha.

Ila shangazi kwanza. Fomu ni ya Ijumaa, shangazi ni wa Alhamisi. Usimtumie mtu, usimwandikie, usingoje awe na furaha. Mkalie mbele, useme. Akikasirika, kasirikiwa. Umekomaa vya kutosha kusimulia mapacha, umekomaa vya kutosha kusimulia ukweli.

*

Haya ya chini aliyaleta binti yuleyule wiki tano baadaye. Sijagusa hata nukta.

Mshauri,

Majibu ya chuo niliyapata kwa maandishi, na Funguo alinisimulia siku mbaya nne, si tatu. Moyo ulibaki palepale.

Alhamisi nilimkuta shangazi uani anasugua viatu vyake vya kazi, kama afanyavyo kila akirudi. Nikachuchumaa mbele yake nikasema yote kwa pumzi moja, kubadilishana, Cherehani, mapacha, fomu. Hakuacha kusugua.

"Umeenda huko siku ngapi?"

"Thelathini."

"Na viatu vyako umeviosha mara ngapi?"

Nikavitazama miguuni mwangu.

"Hakuna anayeshinda leba siku thelathini akarudi na viatu vikavu, bila tone la damu. Mimi nilijua wiki ya kwanza."

"Mbona hukusema, shangazi?"

"Kazi yangu ni kusubiri, mwanangu. Ningekuvuta, ungechanika." Akageuza kiatu, akakitazama soli. "Lakini wale mapacha uliwasimulia vizuri. Nilikaribia kukuamini."

Kisha akataka kusikia wodi yangu ya kweli. Nikamweleza fundi na kijiko. Aliposikia "bado inacheza" aliweka brashi chini. Akaniambia kuwa katika miaka ishirini na saba kuna kina mama waliojifungua salama, mtoto mzima, uzazi mzuri, halafu wakageukia ukutani, hawataki kunyonyesha, hawataki kuitwa.

"Nilikuwa nawafunika shuka," alisema. "Sikuwa na mtu wa kumwita."

Tukakaa hapo mpaka viatu vikakauka.

Ijumaa alinisindikiza akiwa na sare yake. Karani akaniuliza, "Mabadiliko ni mara moja tu, una uhakika?" Nikamtazama shangazi. Shangazi alikuwa anatazama dari. Nikasema nina uhakika, na muhuri ukagonga saa nne na dakika kumi.

Majina yametoka juzi. Langu ni la nne kutoka juu, Uuguzi wa Afya ya Akili. Kaka alilisoma mara mbili, akasema basi angalau nyumbani kutakuwa na wa kumtibu shangazi, naye shangazi akamjibu kuwa foleni itaanza na kaka mwenyewe.

Leo asubuhi hakuna aliyeniamsha kwa jina la Mkunga Mdogo. Shangazi alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akakigonga kwa kijiko mara tatu, akasubiri. Nikatoa mkono nje ya shuka nikagonga ubao wa kitanda mara tatu. Kisha nikaamka, nikavaa viatu, na ilipofika saa tatu nilikuwa nimeshajiandikisha chuoni.