Vifungo Kwenye Chupa za Dawa

Dada yangu,

Kifurushi kimefika salama, chupa zote tatu za vidonge. Zile za zamani nimeziosha nikazijaza vifungo, kila rangi na chupa yake, na wateja wananitania eti fundi cherehani kafungua duka la dawa.

Unauliza kama vidonge vinasaidia. Daktari alinipima damu akakuta vitamini D iko chini kweli, basi hiyo naimeza. Magnesiamu naona inanipa usingizi kidogo. Vile vidonge vya manjano amevikataa, eti vinagombana na dawa zangu. "Fibromialgia, haya maumivu ya mwili mzima, haina kidonge cha kuimaliza," aliniambia, "ila maumivu yako ni ya kweli." Nikalia pale pale kama mtoto, na unanijua mimi si mtu wa kulia.

Usiwe na wasiwasi lakini. Asubuhi nashona, mchana najilaza kwenye mkeka chini ya meza ya kukatia, jioni naendelea. Sare sitini za shule nimezimaliza kabla ya siku yake.

Dada, chupa kumi na moja umenitumia tangu mwaka jana, na lebo zote nimezisoma mbele na nyuma. Siku ile niliposhindwa kuinua ndoo, ukaniita mvivu mbele ya mama, hujaigusia hata mara moja. Kifurushi kijacho usiweke chupa. Weka kikaratasi chenye samahani moja tu. Hiyo nitaimeza bila maji.

Mdogo wako,
fundi